Mwaka Tuliomsimamisha Mzee Clem

Mama Rhoda tulimzika Birmingham, na watu walisema. Mkenya wa umri wake, mwenye mabinti wenye uwezo na shamba zuri kwao Kisii, kuzikwa ugenini kwa hiari yake mwenyewe ni jambo lililofanya simu zisipumzike wiki nzima. Kamati ya mazishi ilikuwa imeshaanza kuulizia ndege, kama tunavyofanya sote wa Afrika Mashariki katika mji huu, ndipo binti yake mkubwa akasimama na kusema kwamba mama alikataa ndege. Alitaka makaburi yale yale ya upande wa kusini, na aliagiza awekwe karibu na vijana wake. Walioingia Birmingham juzi juzi walitazamana, maana Mama Rhoda alizaa wasichana watupu. Mimi niliinama nikacheka ndani ya kitambaa changu, kisha nikalia humo humo. Hao vijana nilikuwa nawajua. Ni askari wa Australia waliolala chini ya mawe meupe tangu vita vya kwanza vya dunia, na mtu aliyewatambulisha kwa Mama Rhoda ni mimi.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nimetoka Morogoro na begi moja na koti ambalo kila aliyeliona aliniuliza kama nalivaa kwa utani. Nilikuwa nasomea uuguzi, na siku zisizo za masomo nafanya kazi katika nyumba ya wazee karibu na Balsall Heath. Nilipanga chumba kwa Mama Rhoda, ghorofa ya juu kabisa kwenye nyumba za halmashauri pale Newtown, ambapo upepo ukivuma dirisha la jikoni lilikuwa linapiga mluzi. Yeye alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na kila Jumamosi alikuwa akienda Alum Rock kununua samaki, bamia na unga, akirudi amegombana na muuza samaki na kupatana naye. Tulikula ugali kwenye meza ndogo iliyokuwa pia meza yangu ya kusomea, na vitabu vyangu vya anatomia vyote vilinuka dagaa. Alikicheka Kiswahili changu, akasema naongea kama taarifa ya habari. Na mimi nilimwambia chake kimepondwapondwa kama mukimo. Katika nyumba ile ndimo nilimojifunza kujibu, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa msichana wa kuongea na kifua changu. Shuleni nilikuwa mwitikiaji, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniteua nianzishe chochote.

Mzee Clem nilimkuta chumba cha mwisho cha korido, kile kilichoangalia maegesho ya magari. Alikuwa Mwaustralia mrefu aliyekunjika kama kiti cha kambi, mwenye masikio makubwa na picha ya marehemu mkewe juu ya kabati, na pembeni ya kitanda alikuwa na redio ya kaseti ambayo hakuruhusu mtu yeyote aifute vumbi. Siku ya kwanza aliniuliza jina langu lina maana gani. Nilipomwambia Tumaini ni nini kwa Kiingereza, alisema basi wamempelekea msaada wa kutosha. Nikamwambia kwetu mtu kama yeye anaitwa Mzee. Alilipenda neno lile, na tangu siku hiyo kila aliyeingia bila kulitumia alikuwa anageuziwa uso ukutani. Wakati huo alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga, amefanyiwa upasuaji na kurudishwa kitandani, na wote tulikuwa tunamwogesha na kumgeuza kama watu wasiotarajia zaidi ya hapo.

Habari zake nilizipata vipande vipande, nikimlisha uji au nikimkata kucha. Baba yake mdogo, Jack, alijeruhiwa Ufaransa katika vita vya kwanza, akaletwa hospitali Birmingham, akafia hapa akiwa kijana kuliko mimi nilivyokuwa. Alizikwa na watu wasiomjua. Kwao Australia kulikuwa mbali mno. Hakuna ndugu aliyewahi kuliona kaburi. Vita vya pili vilipoanza na Clem akaandikishwa, bibi yake alimshika mkono bandarini na kumwambia kwamba akifika Uingereza akamsalimie Jack. Alipita kwanza Afrika ya Kaskazini, na salamu zikachelewa miaka, lakini vita vilipoisha alikuja akazifikisha. Pale kwenye lango la makaburi msichana muuza maua aliicheka kofia yake, na ndiye huyo aliyekuwa kwenye picha ya kabatini. Clem hakurudi tena kwao. Aliajiriwa kiwanda cha magari, na kila mwisho wa Aprili, siku ambayo Waaustralia huwakumbuka askari wao waliokufa, siku wanayoiita Anzac, yeye na wenzake wachache wa mji huu walikuwa wakienda alfajiri kusimama mbele ya mawe yale. Wenzake wakaisha mmoja mmoja. Mwaka niliofika mimi alikuwa amebaki yeye tu, na asipokwenda yeye, hapangekuwa na mtu.

Nilimwambia tutamwekea kiti cha magurudumu. Nilidhani namfurahisha. Badala yake akanieleza jambo ambalo nadhani hata mkewe hakuwahi kuelezwa. Katika Tobruk, mji wa Libya uliozingirwa na Wajerumani, kikosi chake kilikaa kwenye mashimo yasiyofika kiunoni, kwenye ardhi ya mawe isiyochimbika. Mchana hakuna aliyesimama. Ukiinua kichwa, umekwisha. Walilala chali tangu jua linachomoza hadi linazama, na viroboto, na maji yenye chumvi, na nyama ya kopo iliyoyeyuka ikawa supu. Adui aliwaita panya, wakalichukua jina lile wakatembea nalo kwa majivuno hadi leo. Shimo moja alikaa na rafiki yake aliyeitwa Snow, kijana wa kuimba-imba ovyo, asiyejua wimbo hata mmoja hadi mwisho. Alfajiri ndiyo ilikuwa dakika yao ya mwisho ya kunyoosha mgongo. Alfajiri moja Snow aliunyoosha mgongo kwa muda mrefu kidogo kuliko wengine. Clem alilala naye shimoni siku nzima, kimya, mpaka giza lilipowaruhusu wenzake kuja kumchukua.

"Kwa hiyo sikai," aliniambia. "Nimeshalala alfajiri za kutosha. Ile moja ya mwaka nasimama, na jua linikute nimesimama."

Siku chache baadaye nilikuwa namvalisha soksi, nikamsikia meneja wetu nje ya mlango akiongea na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Meneja, jina lake Denise, alikuwa mwanamke mwema aliyechoka, aliyeogopa ajali kuliko kifo chenyewe. Alisema huyu hatasimama tena, na wasimwambie kabla ya Pasaka. Walisahau yale masikio. Mzee Clem alinitazama na kusema, "Nimesikia." Sijui ni kitu gani kilinipata. Nilijiona niko Morogoro, saa ya ubaridi, mbele ya shule, tumepangwa mistari miwili kwa ajili ya mchakamchaka. Wasioujua mchakamchaka wajue tu kwamba ni kukimbia kwa pamoja kabla ya masomo huku mmoja anaimba na wengine wanaitikia. Mtoto aliyechelewa kuamka, mwenye njaa, mwenye mguu unaouma, wote walikimbia, kwa sababu wimbo hauwezi kuusimamisha katikati ili ulalamike. Nilimketisha ukingoni mwa kitanda nikamwambia, ukisikia mimi natamka jina la mguu wako, wewe jibu "upo", halafu ukanyage. Akauliza hiyo ni dawa gani. Nikamwambia ni ya kwetu, haina chupa.

Mguu wa kulia? Upo. Mguu wa kushoto? Upo. Ndivyo tulivyoanza, mikono yake imekamata kile kifaa cha kutembelea na mimi nimemshika mkanda wa kiunoni. Wiki ya kwanza alijibu akiwa amekaa. Baadaye alijibu akiwa ameinuka nusu, anatetemeka, anatukana kwa lugha ya jeshini ambayo sikuifahamu na nilifurahi kutoifahamu. Yule mtaalamu wa mazoezi alitufumania. Alikuwa Singasinga mpole, na nilijiandaa kufukuzwa, lakini alisimama mlangoni, kilemba kimeinama upande, akaanza kupiga makofi kwa mapigo yetu, akaniuliza kwa Kiswahili safi cha Nakuru alikozaliwa: "Sasa mbona unamwimbia polepole hivyo? Huyu ni mwanajeshi." Akatuonyesha namna ya kuweka unyayo, akaongeza muda wa mazoezi, na kuanzia hapo korido ilikuwa na mwalimu wa mwili na mwalimu wa wimbo. Wazee wengine waliacha milango wazi. Bibi mmoja wa chumba cha pili, ambaye hakuongea na mtu tangu nifike, siku moja alitoa sauti kutoka kitandani: "Upo!" Mzee Clem akamfanyia saluti, nusura aanguke.

Kwa siku zile nilikuwa pia naoka. Alinielekeza biskuti za kwao za shayiri na asali ya miwa, ngumu kama kokoto, zisizo na yai hata moja, kwa sababu zilibuniwa zisiharibike safarini kwenda kwa askari. Mama Rhoda alipozionja jikoni kwetu aliuliza kama ni chakula au ni adhabu. Nilimweleza ni za nani. Nilimweleza na habari za Snow, na Jack, na shimo. Alikuwa anasonga ugali, akaacha mwiko umesimama sufuriani.

"Sasa huyo mzee hana watu?"

Nikasema hana. Hakubahatika mtoto, mke amefariki, wenzake wameisha.

"Na anaenda kwa kaburi ya uncle yake peke yake, asubuhi, na hiyo baridi? Apana. Hiyo haiwezekani."

Nilijaribu kumweleza kwamba si mazishi, ni kumbukumbu, kwamba Waaustralia husimama tu kimya na kupigiwa tarumbeta. Alinisikiliza kwa sikio moja. Kwake yeye mzee asiye na watu aliyekuwa anakwenda kaburini alikuwa na maana moja tu, na kufikia Jumapili jioni ilikuwa imeundwa kamati. Dereva alipatikana, Papa Kalonji, Mkongo mwenye basi dogo la kanisa. Wakapatikana wa blanketi, wa chai, wa mandazi. Nikamuuliza nani kawaambia wale wote kuhusu Mzee Clem. Akasema yeye kataja tu kwamba kuna mzee, na wengine wamejileta.

Denise hakutaka kusikia. Alisema hakuna mfanyakazi wa saa ile, hakuna gari, na mtu wa nyonga iliyovunjika hatoki alfajiri kwenda kusimama kwenye majani yenye umande. Aliyasema ofisini kwake, mimi nimesimama mbele ya meza, mikono nyuma kama mwanafunzi. Niliona midomo yangu inataka kusema sawa. Badala yake nikasema, "Naomba ufungue mlango." Alifungua. Mzee Clem alikuwa mwanzo wa korido, amekamata kifaa chake, mtaalamu wa mazoezi yuko nyuma yake lakini hajamgusa. Nikaita mguu wa kulia. Sikuita kwa kifua. Niliita kwa sauti ya Mama Rhoda, na milango yote ikaitikia pamoja naye. Alitembea korido nzima, akafika mbele ya meneja, akaachia mkono mmoja na kumpa. Denise alimshika mkono ule akalia bila kujificha. Alisema ataruhusu, ilimradi awepo muuguzi aliyesajiliwa. Nikamwambia muuguzi yupo, Mama Rhoda, na kwa upana wake ataonekana kutoka mbali. Nilikuwa nimeshinda, na nilikwenda chooni nikaruka-ruka peke yangu.

Alfajiri ile ilikuwa baridi na anga safi. Basi la Papa Kalonji lilitushusha karibu na mawe, akina mama wakateremka na vitenge juu ya makoti, Mzee Clem katikati yao na medali zake kifuani, mrefu kuliko wote. Nilikuwa nimewaeleza utaratibu: atasema maneno machache, atabonyeza redio ya kaseti, tarumbeta italia, halafu watu wananyamaza, halafu italia tena. Mama Rhoda wakati wa maelezo hayo alikuwa anagombana na chupa ya chai isiyofunga. Mzee Clem alisimama mbele ya jiwe la Jack. Alisema majina, la Jack na la Snow na ya wenzake wa Birmingham. Akainama kwa taabu akabonyeza redio iliyokuwa juu ya nyasi, akajinyoosha, akaachia kifaa kabisa. Tarumbeta ikalia sauti yake ya huzuni mpaka mwisho. Kikafuata kimya.

Kimya kile kilikuwa ndani ya kaseti yenyewe. Nilikuwa nyuma yake, mikono karibu na mkanda, na niliona goti la kushoto linaanza kutetemeka. Lilitetemeka, likatulia, likatetemeka zaidi. Jua lilikuwa halijatoka. Nilijua nikimshika amekaa, maana ndivyo atakavyohesabu yeye, na nisipomshika ataanguka juu ya kaburi la mtu aliyekuja kumsalimia. Kumwita mguu kwa sauti katikati ya kimya kile sikuthubutu. Na wakati huo huo Mama Rhoda alikuwa anaitazama ile redio. Sasa ni lazima muelewe, yeye alikuwa mtu wa mazishi mengi. Kwao, kipaza sauti kikifa katikati ya ibada, au stima ikipotea, au mwongozaji akikosa karatasi yake, mtu mmoja hodari anaanzisha pambio kabla aibu haijaingia kwa wafiwa. Mtu huyo siku zote alikuwa yeye. Aliona betri zimekwisha. Akawaokoa wafiwa.

Alilipasua pambio kutoka tumboni, lile la mwendo wa kusindikiza jeneza, la kupiga hatua, na akina mama wote wakaitikia bila kuulizana, na Papa Kalonji akaingia chini yao na besi ya Kikongo. Ndege waliruka kutoka mitini. Mimi nilifumba macho kwa aibu. Nilipoyafumbua, goti lilikuwa limenyooka. Miguu ile nilikuwa nimeifundisha mwenyewe, majira yote ya baridi, kusimama kwa wimbo, na sasa wimbo ulikuwa umekuja. Nikasogea sikioni mwake. "Mguu wa kulia?"

"Upo," alisema.

"Mguu wa kushoto?"

"Upo, Tumaini. Niache nisikilize."

Na redio nayo haikuwa mbovu. Katikati ya pambio tarumbeta ya pili ikaanza, ile ya kuamsha, na Mama Rhoda akaisikia, akashtuka, akatutazama sote kama mtu aliyekanyaga mkia wa mbwa. Lakini pambio likishaanza kwa Waafrika halikatiki, kwa hiyo vilikwenda pamoja, tarumbeta na makofi, na jua likatokea juu ya paa za nyumba likamkuta Mzee Clem wima, mikono mitupu, machozi yanateremka hadi shingoni na mdomo umejaa kicheko. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa kiasi kile, hata siku ya harusi, na mume wangu analijua hilo.

Baadaye tulipokunywa chai, yake ikiwa imetiwa ramu kama ilivyo desturi ya siku hiyo, Mama Rhoda alikwenda kumwomba radhi. Alimwambia kwa Kiingereza, kisha akanigeukia nimweleze vizuri zaidi. "Mwambie kimya kilizidi. Nikajua mashine imekufa." Nikamweleza. Mzee Clem alimega biskuti yake ngumu, akaitazama safu yote ya mawe.

"Mwambie hawa walizikwa na watu wenye haraka," alisema. "Hakuna aliyewaimbia hata mmoja. Mwambie mwakani asichelewe."

Hakuchelewa. Mzee Clem alisimama alfajiri nyingine mbili, na baada yake tuliendelea sisi, kila Aprili, na Waaustralia vijana wanaofanya kazi mjini wakasikia wakaanza kuja, kwanza wakishangaa, baadaye wakileta biskuti. Siku hizi wanachapisha ratiba kwenye karatasi nzuri, na baada ya kimya imeandikwa kwa Kiingereza kwamba utafuata wimbo. Kosa la Mama Rhoda lina mstari wake rasmi. Yeye aliichukua ratiba ya kwanza akaitundika jikoni Newtown, juu ya jiko, ikapata mafuta ya samaki, akakataa kuitoa.

Mwaka huu alfajiri ile ilifika majuma machache baada ya kumzika, na udongo wake, hatua kidogo kutoka kwa Jack, ulikuwa bado haujashuka. Walikuja watu wengi kuliko mwaka wowote. Tarumbeta ya kwanza ikalia, safari hii ikipigwa na binti kwa mapafu yake mwenyewe, si kwa kaseti. Kimya kikaingia. Ndipo nilipogundua kwamba katika maandalizi yote, viti vya wageni, chai, maegesho, hakuna aliyeuliza nani ataanzisha. Nilifungua mdomo, na koo langu, ambalo limeamuru wodi nzima kwa miaka, halikutoa kitu. Niliuangalia udongo ule nikashindwa. Kimya kikarefuka, watu wakaanza kuinua macho kutoka chini, jua likiwa nyuma ya paa.

Sauti ilitoka upande wangu wa kushoto. Ilikuwa juu mno, nje ya ufunguo kabisa, na irabu zake zilikuwa za Birmingham tupu, lakini maneno yote yalikuwepo na kila moja lilikuwa mahali pake. Ilikuwa ya Klementina, mwanangu, aliyezaliwa mji huu, ambaye tangu ajue kusema namsemesha Kiswahili naye ananijibu Kiingereza. Aliimba amenyoosha shingo, mikono mifukoni. Safu nzima ikaitikia, Wakenya, Wakongo, Watanzania, na Waaustralia wakitamka walivyoweza, na mimi nikaitikia kwa nguvu zangu zote, na jua likatukuta sote tumesimama. Tarumbeta ya pili ilipomaliza nilimshika bega nikamuuliza imekuwaje.

Aliinua mabega yake. "Kimya kilizidi, Mum," alisema.